Comuna 13, Gamcheon au Woodstock: ukiwa na nauli ya mtaa mmoja wa michoro, uende upi?

Watu wengi huchagua mtaa wa michoro kwa kuangalia picha, na picha ndizo zinazodanganya kuliko kitu kingine. Comuna 13 ya Medellín kule Kolombia, Gamcheon ya Busan kule Korea Kusini na Woodstock ya Cape Town zote zinapendeza kwenye simu: ukuta wa rangi kali, mtu kasimama mbele yake, mbingu ya bluu juu. Picha haikwambii kwamba mtaa wa kwanza una spika kila kona, wa pili umebandikwa vibao vya kukuomba ushushe sauti, na wa tatu unaweza kuuzunguka siku ya kazi ukakutana na mafundi magari wengi kuliko watalii.

Kwa hiyo hapa sitapima uzuri wa michoro. Yote ni mizuri, na mingi hufutwa na kuchorwa mingine juu yake. Ninachokilinganisha ni nani aliileta rangi, aliileta kwa sababu gani, na mwenyeji amebaki na nini baada ya wageni kuanza kumiminika. Ukishajua hayo, mambo ya nauli, magoti na tumbo yatapangika yenyewe.

Rangi ilifikaje pale

Nianze na Comuna 13, kwa kuwa bila historia yake utaona kuta tu.

Medellín imegawanywa katika wilaya 16 za mjini. Ya 13, San Javier, iko upande wa magharibi, nyumba za matofali na mabati zimepanda mlima mpaka karibu na kilele. Mwaka 1991 mji mzima ulikuwa na mauaji yapatayo 380 kwa kila watu 100,000, na San Javier ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia zaidi, kwa kuwa milima yake ni mlango wa kuingilia na kutokea mjini. Kila mwenye bunduki aliutaka mlango huo: waasi wa mrengo wa kushoto, wanamgambo wa mrengo wa kulia, magenge ya dawa za kulevya.

Mei 2002 jeshi na polisi waliingia mtaani kwa operesheni iliyoitwa Mariscal. Risasi zikarindima, watoto wakajeruhiwa, ndipo wakazi walipoanza kutoa vitambaa vyeupe madirishani, mashuka, taulo, chochote cheupe, wakatoka navyo barabarani mpaka risasi zikanyamaza. Oktoba mwaka huohuo ikaja kubwa zaidi. Serikali ya Rais Álvaro Uribe, ikiwa na miezi miwili tu madarakani, ilianzisha Operesheni Orión tarehe 16: askari zaidi ya elfu moja, vifaru vya magurudumu, helikopta juu ya mabati. Waasi waliondolewa. Wanamgambo wa kulia wakachukua nafasi yao, na watu wakaendelea kupotea.

Upande wa pili wa bonde unaliona jalala la vifusi, La Escombrera. Akina mama wa waliopotea walisema kwa zaidi ya miaka 20 kwamba watoto wao wamefukiwa pale, wakaitwa waongo na wengine wakaitwa vichaa. Desemba 2024 wachimbaji walifukua mabaki ya kwanza ya binadamu. Januari 2025 vijana walichora ukutani mjini Medellín maneno ya kusema kwamba akina mama walikuwa wakweli, jiji likatuma watu kuufuta mchoro ule, ukachorwa tena, na miji mingine ya Kolombia ikauiga.

Sasa ukipita Comuna 13 ukaona vitambaa vyeupe vimechorwa mikononi mwa watu, unajua vimetoka wapi. Ukiona tembo, na utawaona wengi ingawa Kolombia haina tembo, waongozaji watakwambia ni mnyama asiyesahau. Uchoraji wenyewe ulikuja kwa mkono wa vijana wa hip hop wa mtaani. Kundi la Casa Kolacho, lililochukua jina la rapa wa pale aliyeuawa mwaka 2009, ndilo lililoanzisha matembezi ya kuonyesha michoro, na wachoraji kama Chota 13 walikulia hapohapo. Desemba 2011 serikali ya mji ikafungua ngazi za umeme za nje, vipande sita vyenye urefu wa mita 384 kwa jumla, mahali ambapo mtu alikuwa akipanda ngazi kama 350, sawa na ghorofa 28, akiwa na ndoo au mtungi wa gesi begani. Kupanda ni bure, kwa mkazi na kwa mgeni. Kuta za pembeni ya ngazi hizo ndizo zilizogeuka jumba la sanaa.

Gamcheon ni habari nyingine kabisa. Vita vya Korea vya 1950 hadi 1953 vilisukuma wakimbizi mpaka Busan, bandari ya kusini ambayo haikutekwa. Milimani juu ya bandari wakajenga vibanda, na waumini wa dini ndogo iitwayo Taegeukdo wakahamia pale kwa maelfu katika miaka hiyo ya 1950. Walijipanga kwa utaratibu ambao mpaka leo unauona ukisimama juu: nyumba zimeshuka ngazi kwa ngazi kufuata mlima, na hakuna inayoiziba nyingine mbele. Kila mtu kabakiziwa jua lake na upepo wake. Vichochoro navyo vimeunganishwa hivi kwamba ni vichache sana visivyo na njia ya kutokea.

Kisha vijana wakaondoka. Viwanda na maghorofa ya Busan viliwaita, nyumba zikabaki tupu, wazee wakabaki na ngazi. Mwaka 2009 Wizara ya Utamaduni, Michezo na Utalii ilifadhili mradi wa sanaa uliotaja Machu Picchu, mji wa kale wa mlimani kule Peru, katika jina lake, wasanii na wanafunzi wakaweka sanamu na michoro kwa kushirikiana na wakazi, na mwaka uliofuata awamu ya pili ikageuza nyumba kadhaa tupu kuwa vyumba vya sanaa. Yaani rangi ya Gamcheon ilianzia kwenye bajeti ya serikali. Hapa hakuna ghadhabu ukutani. Kuna samaki mkubwa aliyeundwa kwa vibao vidogo vya mbao vilivyopakwa rangi mojamoja, kuna ndege wenye vichwa vya watu wametua juu ya paa, kuna sanamu ya mtoto wa mfalme wa kitabu cha Kifaransa kaketi ukingoni na mbweha wake wakitazama bonde. Foleni ya kupiga picha na huyo mtoto siku ya mwisho wa wiki inaweza kukulia muda mrefu kuliko mtaa wote uliobaki. Mimi ningeiruka.

Na Woodstock? Woodstock haikuwa kitongoji cha wakimbizi wala uwanja wa vita. Ni mtaa wa kazi, chini ya mlima wa Devil's Peak, kilomita chache kutoka katikati ya Cape Town, wenye viwanda vya zamani, gereji na nyumba za safu za kizamani. Jirani yake, District Six, ilitangazwa eneo la Wazungu tarehe 11 Februari 1966, watu zaidi ya 60,000 wakahamishwa na nyumba zao zikabomolewa. Woodstock ilinusurika, ikabaki mojawapo ya sehemu chache ambazo watu wa rangi mbalimbali waliendelea kuishi ubavu kwa ubavu licha ya sheria. Kuanzia 2010 na 2011 hivi, wachoraji kama Freddy Sam na Faith47, wote wa Afrika Kusini, wakaanza kugonga milango na kuomba kuta. Mwenye nyumba akikubali, ukuta unapakwa. Wageni kutoka nje nao wakaalikwa. Tangu 2017 kumekuwa pia na tamasha la sanaa ya mitaani lililoanzia Salt River, mtaa unaofuata, na kwa maoni yangu siku hizi kuta nzuri ziko Salt River kuliko Woodstock penyewe.

Lakini michoro ilikuja pamoja na mikahawa, na mikahawa ikaja na madalali. Nyuma kidogo ya Old Biscuit Mill, kiwanda cha zamani cha biskuti ambacho sasa ni maduka na soko maarufu la Jumamosi, kuna Mtaa wa Bromwell. Wapangaji wa pale, wengine familia zao zikiwa zimekaa vizazi kadhaa, walitakiwa kuondoka baada ya nyumba zao kuuzwa kwa mwekezaji mwaka 2013. Walikataa, wakaenda mahakamani, na Desemba 2024 Mahakama ya Katiba ikaamua kwamba utaratibu wa jiji wa makazi ya dharura ulivunja katiba, na kwamba jiji liwatafutie pa kukaa ndani ya Woodstock, Salt River au karibu na katikati ya mji, lisiwatupe pembezoni. Ukienda kula pale sokoni Jumamosi, uko hatua chache kutoka kwenye kesi hiyo.

Nani anakula kupitia rangi hii

Kwa swali hili Gamcheon inatoka vizuri. Wakazi wana jumuiya yao, inaendesha maduka kadhaa, na ramani unayouziwa mlangoni kwa won 2,000 ndiyo hiyo unayogongewa mihuri kila kituo cha sanaa. Ni hela ndogo, inunue hata kama una ramani kwenye simu. Hasara yake ni kwamba idadi ya wakazi inazidi kupungua, nao ni wazee, huku wageni wakihesabiwa kwa mamilioni kwa mwaka. Ukipita kichochoro ukakuta viatu vya bibi mlangoni, ujue bibi yumo ndani anakusikia.

Comuna 13 hela inazunguka mtaani hasa. Vijana wanaocheza breakdance kwenye ngazi, wanaorap kwa kukutungia mistari ya jina lako na nchi yako, wanaouza fulana, wenye vibanda vya juisi, wengi ni wa palepale. Tatizo ni kwamba sehemu ya hela hiyo inaingia kwa kuuza sura ya Pablo Escobar kwenye kikombe na kofia, jambo linalowaudhi wakazi wengi waliozika ndugu zao. Na kuna kampuni za mjini zinazoleta mabasi, zinampa mgeni saa moja na nusu, zinaondoka bila mwenyeji kuonja. Kama utalipa mwongozaji, na Comuna 13 ndipo mahali pekee kati ya hapa pote ambapo nakushauri usiende mara ya kwanza bila mwongozaji, uliza swali moja kabla ya kulipa: umekulia mtaa gani? Aliyekulia Las Independencias, kitongoji cha Comuna 13, atakuonyesha dirisha la mama yake. Yule mwingine atakuonyesha alichosoma.

Woodstock mchoraji alilipwa au alijitolea, mwenye ukuta alipendezeshewa jengo, na mpangaji akapandishiwa kodi. Siyo kila mahali, wala michoro peke yake haikufanya hivyo, ila ndivyo hesabu ilivyokwenda. Wapo waongozaji wa mtaani Woodstock na Salt River wanaotembeza watu kwa miguu na kusimulia yote mawili, michoro na fukuzafukuza. Hao ndio wa kutafuta.

Kuna watakaouliza mbona sijaiweka Wynwood ya Miami. Wynwood ilikuwa maghala na viwanda vya nguo pembeni ya mtaa wa Wapuerto Rico. Mwaka 2009 mwekezaji wa majengo, Tony Goldman, alizungushia kuta za maghala yake wachoraji wakubwa wa dunia, na leo sehemu hiyo ya Wynwood Walls unaingia kwa tiketi. Michoro ni ya kiwango cha juu sana. Ila ni biashara ya nyumba iliyovaa rangi, na kama uko Miami kwa shughuli zako pita. Nauli ya kutoka huku kwa ajili yake sikushauri.

Magoti

Mwenye mzazi wa miaka sabini au mtoto wa kubeba, asome hapa kwanza.

Gamcheon ni ngazi. Njia kuu ya juu ni lami na inatembeka, na ukiishia hapo utaona bonde lote na rangi zake. Ila utamu uko chini, vichochoroni, na kushuka ni rahisi kuliko kurudi. Kuna ngazi moja mashuhuri ya hatua 148 ambayo zamani wakazi walikuwa wakiipanda na mizigo. Ukifika juu ghafla macho yanaingiwa na nyota, na jina lake la Kikorea linatania hilo. Mpeleke mzazi, mkalishe mkahawani penye mandhari, wewe shuka.

Comuna 13 ina ngazi za umeme, ndiyo, lakini zinakupandisha sehemu moja tu ya mlima, na baada ya hapo kuna miteremko ya saruji na msongamano wa watu. Medellín iko mita kama 1,500 juu ya usawa wa bahari, hali ya hewa ni ya joto la wastani mwaka mzima, kwa hiyo wa Arusha au Nairobi hatashangaa. Wa Dar atahema kidogo siku ya kwanza. Kuanzia kituo cha San Javier, mwisho wa laini B ya metro, unaweza pia kupanda gari la kamba la laini J na kuitazama wilaya kutoka hewani, jambo ambalo wageni wengi hulisahau na ambalo ndilo linalokuonyesha ukubwa halisi wa mahali. Sehemu ya michoro ni kipande kidogo sana cha Comuna 13.

Woodstock ni tambarare ukilinganisha na hizo mbili. Shida yake si magoti. Usitembee na simu mkononi, usitembee jua likishazama, na usiende Jumapili mchana ambapo maduka yamefungwa na barabara haina mtu. Ukiwa na mwongozaji au kundi, asubuhi ya siku ya kazi, hakuna neno. Kiangazi cha Desemba na Januari upepo wa kusini mashariki unaweza kukunyang'anya kofia. Juni hadi Agosti ni mvua.

Mfuko na karatasi

Hapa Cape Town inashinda bila mjadala kwa mtu wa Afrika Mashariki. Mtanzania haombi viza ya Afrika Kusini kwa matembezi ya hadi siku 90, na Mkenya naye tangu Januari 2023 anaingia bila viza kwa siku hizohizo kwa mwaka. Ndege za moja kwa moja zipo kutoka Nairobi na Addis Ababa. Beba kadi ya chanjo ya homa ya manjano tu, usije ukaikumbukia kaunta ya uwanja wa ndege. Kuta zenyewe ni bure, na gharama yako ni teksi ya programu kutoka katikati ya mji, ambayo ni safari fupi.

Korea inahitaji viza kwa Mtanzania na Mkenya, pamoja na taarifa za benki na barua ya kazini. Ethiopian inatua Seoul, halafu treni ya kasi hadi Busan ni kama saa mbili na nusu. Kutoka stesheni ya Busan unachukua metro laini ya kwanza, vituo vinne hadi Toseong, unatoka mlango wa 6, unapanda kibasi kidogo cha mtaa kinachokwea mlima kwa mwendo ambao dereva yeyote wa daladala angeuheshimu. Kuingia mtaani ni bure. Muda wa wageni ni kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja au kumi na mbili jioni kutegemea msimu, na ni muda wa kuuheshimu kwa sababu baada ya hapo ni nyumba za watu.

Kolombia ndiyo ndefu. Hakuna njia ya mkato. Utapita Istanbul au miji ya Ulaya hadi Bogotá, kisha ndege nyingine ya kama saa moja hadi Medellín. Viza anza kuishughulikia mapema. Ukishafika, maisha ni nafuu kuliko Busan, na metro ya Medellín ni safi kuliko stendi yoyote niliyowahi kuipenda.

Ukijumlisha, Comuna 13 ni safari ya kuweka akiba na ya kuunganisha na mambo mengine ya Kolombia. Usiifunge safari kwa ajili ya mtaa mmoja.

Simu yako na nyuso za watu

Kuna kisa cha Korea ambacho kila mpenda mitaa ya michoro anapaswa kukijua. Seoul kuna kitongoji cha mlimani kiitwacho Ihwa. Mwaka 2006 kilipewa michoro katika mradi wa serikali wa sanaa mjini, na ngazi zake mbili zikawa maarufu mno: moja ina maua makubwa, nyingine samaki wanaopanda maji. Watu wakaja. Wakapiga kelele usiku, wakachungulia madirishani, wakaandika majina yao ukutani. Aprili 2016 baadhi ya wakazi wakachukua rangi ya kijivu wakafuta ngazi zote mbili wenyewe. Wachache wakafikishwa kwa sheria kwa kuharibu mali. Lakini aliyewahi kukaa nyumba ya uswahilini yenye dirisha linalotazama njia hatauliza kwa nini walifanya vile.

Gamcheon wana vibao vya kimya na muda wa wageni. Comuna 13 ni kinyume: utaombwa upige picha, halafu utaombwa hela, na yote mawili ni halali, kuwa na noti ndogo za peso mfukoni. Kelele huko ni malalamiko ya wakazi kuliko ya wageni, kwani kila kibanda kina spika yake na kila spika ina reggaeton yake. Woodstock piga ukuta upendavyo, ila fundi aliyelala chini ya gari mbele ya ukuta huo muulize kwanza. Anaweza hata kukwambia nani alichora na alikunywa chai ngapi.

Hapa niseme habari za Bo-Kaap, kwa sababu karibu kila msomaji atakayekwenda Cape Town ataichanganya na Woodstock. Bo-Kaap ni zile nyumba za waridi, kijani na machungwa chini ya Signal Hill. Si michoro; ni nyumba zilizopakwa rangi na wenyewe. Waongozaji husimulia kwamba zilipokuwa za kupanga zilitakiwa ziwe nyeupe, na watu walipoweza kuzinunua ndipo kila mmoja akachagua rangi yake. Ni mtaa wa Waislamu wa Cape, kizazi cha watumwa na wafungwa walioletwa na Waholanzi kutoka Indonesia, India na Sri Lanka, na wengine kutoka pwani yetu hii ya mashariki. Msikiti wa Auwal, wa kwanza Afrika Kusini, ni wa mwaka 1794, na umehifadhi msahafu ulioandikwa kwa kumbukumbu na Tuan Guru, mwanachuoni wa kisiwa cha Tidore, Indonesia, aliyefungwa Robben Island. Karne ya 19 watu wa jamii hiyo waliandika Kiafrikana kwa herufi za Kiarabu, kama babu zetu wa Lamu na Unguja walivyoandika Kiswahili. Mwaka 2019 sehemu 19 za Bo-Kaap ziliwekwa kwenye urithi wa taifa, baada ya wakazi kupambana na maghorofa yaliyokuwa yanawanyemelea.

Mtu wa pwani akienda Cape Town bila kupita Bo-Kaap amepoteza. Lakini vaa nguo ya heshima, na usipande kibaraza cha mtu kupiga picha. Kuna wapiga picha za mitindo wanaopanga wanamitindo wao milangoni bila salamu, na wakazi wamewachoka.

Tumbo

Cape Town ni rahisi. Bo-Kaap na Salt River chakula cha halali kiko kila kona, na Jumapili asubuhi Bo-Kaap wanauza koesister, andazi la viungo lililochovywa shira na kunyunyiziwa nazi. Busan ni kazi kwa asiyekula nguruwe. Dawa yake ni samaki. Kituo kimoja tu kutoka Toseong kuna Jagalchi, soko kubwa la samaki, unachagua aliye hai kwenye beseni na anapikwa ghorofani. Medellín jihadhari na sinia lao la kitaifa la maharage na wali, lina nguruwe wa namna mbili au tatu. Ila Comuna 13, karibu na ngazi za umeme, wanauza barafu ya embe bichi yenye ndimu na chumvi. Embe bichi lilelile la geti la shule, limegandishwa kwenye kijiti. Foleni yake ni ndefu na inastahili.

Basi nani aende wapi

Unasafiri na familia, siku zako ni chache, hutaki kupambana na ubalozi: Cape Town. Panga asubuhi ya Alhamisi au Ijumaa kwa Salt River na Woodstock na mwongozaji wa mtaani, mchana Bo-Kaap. Ikiwa siku yako ya pekee ni Jumamosi, anza sokoni mapema kabla ya saa nne, kwa kuwa baadaye ni kubanana.

Wewe ni mchoraji, mwanamuziki, mwalimu wa vijana, au mtu wa mradi wa mtaani Mathare, Manzese au Goma: weka akiba ya Comuna 13, hata ikichukua miaka. Hakuna mahali pengine utakapoona kundi la vijana lisilo na kitu likigeuza kopo la rangi kuwa kazi, kisha likaendelea kubishana na jiji kuhusu nini kiandikwe ukutani. Kaa siku mbili, ya kwanza na mwongozaji, ya pili peke yako asubuhi kabla ya saa nne, wakati wenye vibanda wanafagia na muziki haujawashwa.

Unapenda utulivu, au tayari uko Korea kwa masomo au biashara: Gamcheon, siku ya kazi, Aprili au Oktoba, ukishuka mpaka chini ambako ramani ya mihuri haikulazimishi kufika. Kwa Julai ya mvua na unyevu sikushauri. Na ukikuta foleni ya yule mtoto na mbweha imefika barabarani, geuka kushoto ushike kichochoro chochote. Ni nadra kukwama.